Taifa Liko Sura ya Tatu

Hakuna nchi duniani inayosoma kama nchi yetu. Wenzetu wana mafuta, wana dhahabu, wana timu za mpira zinazofunga magoli. Sisi tumejaliwa macho ya kusoma. Ukivuka mpaka tu unapokewa na bango kubwa kuliko zahanati iliyo nyuma yake: KARIBU TAIFA LINALOSOMA, TAFADHALI PUNGUZA SAUTI. Hata mbuzi wetu, wakiokota gazeti jalalani, hulila kwa mpangilio, kuanzia ukurasa wa mbele. Anayebisha anyooshe mkono.

Hakuna? Haya. Sasa wewe uliyekaa karibu na jiko, hebu tuambie mara ya mwisho kushika kitabu ilikuwa lini. Usiogope, hapa tunakula mihogo, hatuko barazani. Mnaona? Kaangalia chini. Na huyo ana cheti cha msomaji bora wa kata, kakitundika sebuleni juu ya televisheni.

Basi, nchi hii inayosoma ilikuwa na upungufu mmoja mdogo, ambao wataalamu waliuita changamoto ya vitabu. Havikuwepo.

Lakini serikali isiyo na vitabu si serikali isiyo na akili. Ikaundwa Wizara ya Kusoma, Kufurahia na Kushirikishana, yenye naibu waziri wa kusoma, naibu waziri wa kufurahia na naibu waziri wa kushirikishana, watu ambao hawakuwa wakisalimiana. Wizara ikaamuru kila Ijumaa asubuhi raia wakusanyike barazani, na kila mtu mzima asimame aseme anasoma nini, amefika wapi na anafurahi kiasi gani. Ukimaliza unatabasamu. Tabasamu la midomo peke yake lilihesabiwa utoro. Meno yalitakiwa yaonekane, na wasio na meno walitakiwa waonyeshe nia.

Kusoma nini? Swali zuri, na jibu lilikuwa moja tu. Mlezi wa Taifa, Mungu amzidishie alichonacho na sisi atubakishie tulichonacho, alikuwa amezindua kitabu chake, *Jasho Langu, Kivuli Chenu*. Uwanja wa mpira ulijaa. Ngoma zililia, watoto wa shule wakazimia kwa jua kwa utaratibu mzuri, kisha kitambaa cha dhahabu kikavutwa na jalada likaonekana. Jalada lilikuwa zuri sana. Kurasa, alisema waziri, ziko njiani. Miaka ikapita, nazo zikiwa bado njiani, na kila wilaya ikapelekewa jalada lake ndani ya kabati la kioo. Mwandishi mmoja wa habari alipouliza kurasa zinatoka wapi hata zisifike, waziri alimjibu kwamba jalada ndilo kitabu chenyewe na kurasa ni mapambo. Mwandishi huyo naye siku hizi yuko njiani.

*

Sasa katika wilaya yetu alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Nyamizi. Mwembamba, mpole wa kutembea, mkali wa kutazama. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilimkaa kwenye taya. Kuna siku alirudi kutoka shuleni akashindwa hata kutafuna ugali, akawa anaumeza tu kama dawa.

Na alikuwa na haki. Darasa lake lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba aliyekaa nyuma alisikia somo la jana, na watoto wote hao walikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Kimoja. Mwanzoni alikipitisha kwa zamu, mwaka ukaisha kikiwa bado dawati la pili. Mwaka uliofuata akafanya jambo lililomuuma kama kumng'oa mwanawe jino zima: alikata uzi, akakitenganisha kitabu karatasi karatasi, kila mtoto akapewa yake.

Tangu hapo darasa lile likawa na desturi yake. Mtoto alisoma karatasi yake mpaka akaimeza, kisha wakati wa mapumziko akatafuta wa kubadilishana naye. Hawakusalimiana kwa shikamoo wala mambo. Walisalimiana hivi: Uko wapi leo? Na mwenzake anajibu: Niko darajani. Mwingine anasema: Mimi niko msituni, lakini sijui nilifikaje. Kilikuwa kitabu cha msichana aliyemfuata mbuzi wake aliyepotea hadi mji wa watu wanaotembea kinyumenyume. Kuna mtoto alikaa muhula mzima ndani ya mji ule bila kujua kwamba kulikuwa na mbuzi.

Karatasi ya mwisho haikuwepo. Mchwa waliiwahi kabla kitabu hakijafika shuleni. Kila siku watoto walimuuliza Mwalimu kama yule msichana alirudi kwao, na kila siku Mwalimu alijibu kwamba hakumbuki. Alikuwa amekisoma akiwa na umri wao, katika maktaba ya wilaya iliyo ng'ambo ya barabara, na alichokumbuka ni kwamba alipofika mwisho alifunga kitabu akacheka peke yake, mpaka mtunza maktaba akamuuliza ana nini. Kicheko alikikumbuka. Kilichomchekesha kilimtoka kabisa. Alitaka watoto wale wacheke kile kicheko. Hakutaka kingine, si cheo wala nyongeza, na hilo ndilo lililomponza, maana mtu anayetaka nyongeza serikali inajua namna ya kumnyima.

Maktaba bado ilikuwepo. Kitabu nacho kilikuwepo, kizima. Ukichungulia kwenye dirisha lililovunjika uliona mgongo wake mwekundu rafuni. Tatizo lilikuwa kufuli, na ufunguo wa kufuli uliishi mfukoni mwa Bwana Songoro.

Bwana Songoro alikuwa Mratibu wa Furaha wa Wilaya. Mtu mnene, laini, ananukia sabuni, kazi yake kupita barazani akikagua meno. Mwalimu Nyamizi alimwendea ofisini, akasubiri kutwa nzima, akaingizwa jioni watu wakifunga madirisha. Akaeleza shida yake. Bwana Songoro akamsikiliza kwa huruma kubwa, kisha akamsahihisha lugha.

"Mwalimu, maktaba haijafungwa. Imehifadhiwa."

"Imehifadhiwa isiguswe na nani, Bwana Mratibu?"

"Na wasomaji. Wewe ni msomi, unajua msomaji anavyokiharibu kitabu. Anakishika. Anakifungua. Wengine wanalamba kidole."

Akaongeza kwamba tangu maktaba ihifadhiwe, hakuna kitabu hata kimoja kilichochakaa, na kwamba wilaya ilikuwa imepata ngao kwa ajili hiyo. Hakutaja kwamba humo ndani ndimo alimohifadhi pia viti vyake vya plastiki na maturubai yake ya kukodisha harusini. Wala Mwalimu hakuuliza. Mji mzima ulifungia ndoa chini ya maturubai yale, nani angeuliza?

*

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa. Mwenye bucha akasimama, akasema anasoma *Jasho Langu, Kivuli Chenu*, amefika katikati, anafurahi hadi mifupani. Nesi akasema yeye anakisoma taratibu ili kisiishe. Akafuata Mama Kalunde, huyu huyu mnayemwona hapa akigeuza mihogo, akasema anakisoma na kukifurahia. Alipoulizwa amefika wapi akajibu kwamba amefika pale penye moto, na Bwana Songoro akaandika: vizuri sana. Kisha Bwana Songoro mwenyewe akatoa ushuhuda wake wa kila wiki. Alikuwa amekimaliza kitabu mara mbili na sasa anakirudia, na mwisho wake, alisema huku akijifuta jicho lisilo na kitu, ulimliza kama yatima.

Ikawa zamu ya Mwalimu Nyamizi. Alisimama akiwa na nia ya kusema kama wengine. Alikuwa na sentensi yake moja aliyoitumia miaka yote, ameichoka kama sare ya shule. Lakini alipoinua uso akaona ng'ambo ya barabara lori la Bwana Songoro likipakiwa viti vya harusi. Pale pana mteremko kidogo. Utingo aliingia maktaba, akatoka na kitabu kinene, akakipiga teke chini ya gurudumu ili lori lisirudi nyuma. Akaingia tena, akatoka na kingine kwa ajili ya gurudumu la pili.

Taya ya Mwalimu ikafunguka.

"Ninasoma *Jasho Langu, Kivuli Chenu*," alisema, "na kilichonifurahisha kuliko vyote ni sura ya tisa. Mlezi anaandika hivi: Atakayemfungia mtoto kitabu amenifungia mimi. Ufunguo na akabidhiwe mwalimu kabla jua halijazama."

Kisha akatabasamu, meno yote, hata magego.

Watu waligeukiana. Hapakuwa na mtu barazani aliyejua kama kuna sura ya tisa. Hapakuwa na aliyejua kama kuna sura. Macho yote yakahamia kwa mtu mmoja aliyekimaliza kitabu mara mbili, naye alikuwa amesimama katikati, mdomo wazi, akipiga hesabu. Akisema sura hiyo haipo, ataulizwa iliyopo inasemaje. Akisema hajafika huko, basi alilia kwa mwisho upi? Jasho lilimtoka, na kwa mara ya kwanza wilaya yetu ikaliona jasho lililotajwa kwenye jalada.

"Sura ya tisa," alisema hatimaye, "ndiyo hasa ile iliyoniliza."

Akatoa ufunguo.

Mchana ule viti vilitolewa nje, maturubai yakatupwa uani. Watoto waliingia kwa kunyata, kama watu wanaoingia nyumba yenye mgonjwa. Mgongo mwekundu ukashushwa rafuni. Mwalimu akawauliza kama wanataka awasomee ule mwisho mara moja, waridhike. Wakakataa. Walikuwa wameishi vipande vipande kiasi cha kutosha. Walitaka kutoka nyumbani pamoja na yule msichana, kwa miguu, tangu mwanzo. Kwa hiyo kila jioni wakasoma kidogo, kwa sauti, na yule mtoto wa mji wa kinyumenyume alipofika mahali mbuzi anapopotea alishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe ndiyo maana, alisema.

*

Sasa jambo zuri katika nchi yetu halikai peke yake, huiga mafua. Ijumaa iliyofuata Mama Kalunde akasimama. Akasema naye sasa ameifikia sura ya kumi na moja, ambapo Mlezi anaandika kwamba askari wa soko atakayemwaga mafuta ya mama muuza mihogo, na yeye akaangwe kidogo, pande zote mbili. Askari wa soko alikuwepo. Alikuwa amekwisha kusema kwamba anakipenda kitabu kuliko mkewe. Angebisha vipi? Aliitikia kwa kichwa, na tangu siku ile alipita hapa akitembea kwa vidole.

Nesi akakumbuka sura inayosema dawa zilale kwenye zahanati na siyo kwenye duka la mganga mkuu. Dawa zikarudi. Mwenye bucha akakumbuka kipengele kuhusu mawe ya mizani. Wilaya jirani wakasikia, nao wakaanza kukumbuka. Barabara iliyokuwa kwenye ripoti ikaonekana kwenye ardhi. Mabomba yakakohoa, yakatema vyura, yakatoa maji. Kila ofisa aliyesomewa sura alikunja uso, akajikumbusha jinsi alivyoapa kwamba kitabu amekimaliza, akatekeleza. Nawaambieni ukweli, nchi hii haijawahi kutawaliwa vizuri kama wakati ule ilipotawaliwa na kitabu kisichokuwepo.

Kilichoharibu ni tamaa. Huko kaskazini mstaafu mmoja wa reli, mtu mzima mwenye heshima zake, alisimama barazani akasema kwamba yeye amefika sura ya mwisho. Akaulizwa Mlezi anaishia wapi. Akajibu, huku akibubujikwa na machozi, kwamba Mlezi anasema amechoka, anawashukuru wananchi kwa kumvumilia, na anaomba arudi shambani kwao akalime.

Taifa liliguswa. Watu hawakufanya fujo, walifanya adabu. Walimpelekea Mlezi majembe. Yalikuja kwa mabasi, kwa baiskeli, kwa vichwa, majembe mapya yenye mipini iliyopakwa mafuta, mengine yamefungwa utepe, yakapangwa nje ya geti la Ikulu mpaka geti likashindwa kufunguka. Inasemekana Mlezi alichungulia dirishani asubuhi akauliza ni mapinduzi gani haya ya kilimo. Alipoelezwa, hakula.

Kesho yake, kabla ya taarifa ya habari, redio ilisoma tangazo la Wizara. Wasomaji wote wanakumbushwa kwamba taifa linasoma kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, na linafurahi. Kwa sasa taifa liko sura ya tatu. Raia yeyote aliyeonekana mbele ya sura ya tatu arudi mara moja. Waziri alipoulizwa kwa nini ya tatu, alifafanua kwamba sura ya kwanza ni ya wanaoanza, ya pili ni ya wanaosita, na ya tatu panatosha.

Tukarudi. Nesi akarudi, mwenye bucha akarudi, dawa zikarudi kule zilikokuwa zimezoea. Mabomba yakameza vyura wake. Na Wizara ikauliza swali moja tu kila wilaya: nani alianza kutangulia?

Bwana Songoro, ambaye alikuwa ametangulia mpaka mwisho mara mbili na robo, alieleza kwamba yeye alikimaliza kwa niaba ya wananchi, si kwa nafsi yake. Maelezo yakakubaliwa. Kisha akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara.

Walimfuata maktaba saa kumi jioni. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, msichana amempata mbuzi wake, ameuvuka mji wa kinyumenyume, amefika darajani, na ng'ambo ya daraja kuna moshi wa jiko ambalo huenda ni la mama yake na huenda si lake. Ilibaki karatasi moja. Mwalimu Nyamizi alipoona buti mlangoni hakuinua kichwa; aligeuza karatasi. Askari akakifunga kitabu mkononi mwa Mwalimu, kidole chake kikiwa bado ndani. Mtoto mmoja akaomba wasubiri kidogo tu, imebaki karatasi moja, afande. Afande akamjibu kwamba serikali haisubiri hadithi. Wakamchukua Mwalimu, wakachukua na kitabu, kikiwa kielelezo.

*

Kesi ilisikilizwa mbele ya watu wengi. Shtaka lilikuwa kusoma mbele ya taifa, kinyume cha tangazo lililosomwa redioni majuma kadhaa baada ya kosa kutendeka. Mwendesha mashtaka alikuwa na suti mpya na sauti ya kukodi. Alisema mshtakiwa, kwa makusudi na kwa tabasamu, aliliacha taifa sura ya tatu, likiwa gizani, bila mkubwa wa kulishika mkono, akaenda zake sura ya tisa. "Mheshimiwa hakimu," aliunguruma, "leo ni sura, kesho atatangulia kwenye foleni, keshokutwa atatangulia kwenye kufikiri. Tutabaki na taifa gani?"

Mwalimu alikuwa amekonda, lakini taya ilikuwa ile ile. Alipopewa nafasi hakuomba msamaha. Alisema hivi:

"Mheshimiwa, kileteni kitabu kifunguliwe hapa. Kama sura ya tisa haimo, nimesema uongo, nifungeni kwa uongo. Kama imo, nimesema aliyoyasema Mlezi, na mnifunge kwa kumsikiliza."

Feni ikasikika ikifikiri. Hakimu akakohoa. Akaamuru kitabu kiletwe. Askari wakaingia na kabati la kioo, wamelibeba kama jeneza la mtu mkubwa, na ndani yake jalada likimeremeta. Watu wote tukasimama. Hakimu akalizunguka, akalitazama kushoto, akalitazama kulia, kisha akatangaza kwamba kielelezo hakifunguliwi kwa sababu kikifunguliwa kitakuwa kimesomwa, na kikisomwa mahakama nayo itakuwa imetangulia mbele ya taifa. Hata hivyo mahakama imeridhika na uzito wake.

"Uzito wa nini?" Mwalimu aliuliza. "Humo hamna kitu."

Hakimu akaagiza maneno hayo yasisikike.

Kisha akaitwa shahidi. Alikuwa kijana mmoja tu wa mtaani, mcheshi mcheshi, jina lake limenitoka. Alipewa karatasi ya kiapo akaisoma moja kwa moja bila kukwama, kwa sauti safi, vituo na mikato yote mahali pake, hata hakimu akainua nyusi. Mashahidi wengi pale husomewa na karani. Akaeleza kwamba alipita nje ya maktaba akasikia mshtakiwa akiwasomea watoto, na watoto wakicheka. Akaulizwa kicheko hicho kilikuwa cha aina gani. Akasema ni cha mbele, hakikuwa kicheko cha sura ya tatu. Baadhi ya watu waliguna kwa kucheka, maana kijana alijua kuchekesha. Akaulizwa kama anamfahamu mshtakiwa. Akasema hapana, siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona.

Mwalimu Nyamizi alimtazama muda mrefu. Ilikuwa mara moja tu katika kesi nzima ambapo taya ile ililegea.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Hakimu alisema mahakama haikusudii kumtesa mwanamke aliyekuwa na haraka tu, inakusudia kumfundisha kungoja wenzake. Kwa hiyo atakaa gerezani, si kwa miaka, Mungu apishe mbali, bali mpaka taifa litakapomfikia. Siku taifa litakapofika sura ya tisa, geti litafunguliwa, naye ataendelea nalo kwa mwendo mmoja.

Tulipiga makofi. Hatukujua ni hukumu ya namna gani. Tulijua siku ya pili, redio ilipofunguka: Habari za asubuhi, taifa liko sura ya tatu na linafurahi. Na siku iliyofuata. Na mwezi uliofuata. Na leo asubuhi mmesikia wenyewe. Ndugu zangu, kitabu hakina kurasa. Tutafikaje ya nne?

Viti viko tena maktaba. Kitabu chekundu kiko stoo ya mahakama pamoja na visu na magongo. Watoto wale wamekuwa wakubwa, mmoja wao anaendesha bodaboda, na ukimuuliza kama yule msichana alifika kwao anakujibu kwamba amesimama darajani. Hasemi zaidi. Hakuna aliyebuni mwisho wake, ingawa ingekuwa rahisi.

Ndiyo maana nasema, msilaumu wananchi. Lawama ni ya Wizara, ya Songoro, ya yule hakimu mla rushwa. Mtaa mzima tulisimama na Mwalimu Nyamizi, mioyoni, kasoro yule kijana mmoja aliyemsaliti, na hata yeye tumsamehe bure, njaa haina adabu, nasikia alichopata ni turubai la harusi tu, tena la siku moja. Mama Kalunde, niongezee kipande na pilipili kidogo, koo limenikauka kwa kusimulia.

Mama Kalunde hakuongeza. Alilaza upawa ukingoni mwa karai, akafuta mikono kwenye kanga, akasema bila kupandisha sauti kwamba mihogo ya harusi ile aliikaanga yeye, chini ya turubai lile, na bwana harusi alikuwa na kidoti juu ya jicho, hiki hiki nilicho nacho mimi.

"Na siku ya kesi nilikuwa benchi la pili," alisema. "Simulia vizuri, mwanangu. Waambie wateja wangu, kile kiapo ulichokisoma bila kukwama, nani alikufundisha kusoma?"

Watu wakaacha kutafuna. Nikasema mihogo ya leo imezidi chumvi.